Kabla hujanunua kilebu, uliza mamake yuko wapi

Miaka miwili iliyopita nilinunua kilebu kando ya barabara. Jamaa alikuwa na watatu ndani ya katoni ya mkate, weupe pepe, na kila gari likisimama kwenye foleni aliinua mmoja hadi dirishani. Mimi nilikuwa napita kwa miguu. Akaniambia ni Japanese Spitz, ana wiki nane, ameshadungwa sindano zote. Tukavutana bei hadi shilingi 4,500. Nikatuma kwa M-Pesa, nikapewa mbwa na kadi ya chanjo yenye stempu.

Siku ya tatu akaacha kula. Siku ya nne alikuwa anatapika na kuhara damu. Daktari wa mifugo hakuhitaji muda mrefu: ni parvo, na huyu hana wiki nane, ana tano hivi. Kisha akaniuliza, kama kweli amechanjwa, mbona kadi haina kile kibandiko kinachobanduliwa kwenye chupa ya chanjo? Sikuwa na jibu. Kilebu alikufa usiku huo. Nikampigia muuzaji, simu ikawa mteja hapatikani.

Kwa muda mrefu nilidhani ni bahati mbaya tu. Siku hizi naona tofauti. Hiyo biashara haikuharibika siku ile. Ilienda vile hupangwa kwenda.

Hebu tupige hesabu. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na kwa kawaida huingia joto mara mbili kwa mwaka. Mfugaji mwenye utu atampumzisha. Mwenye tamaa atampandisha kila joto, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwili ukatae. Kilebu anafaa kukaa na mamake angalau wiki nane, lakini hizo wiki za mwisho ndizo anaanza kula chakula cha kununuliwa. Ukimuuza akiwa na wiki tano, umeokoa gharama ya chakula na chanjo, na bado ni mdogo wa kuyeyusha moyo wa mtu kwenye foleni.

Sasa sikiza hii, maana itakuokolea doo. Chanjo ya kwanza ya kilebu hutolewa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16 hivi. Sindano ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hungoja miezi mitatu. Kwa hivyo hakuna kilebu wa wiki nane aliyemaliza sindano zote. Hayupo. Anayekuambia hivyo ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Parvo nayo inampendelea muuzaji. Mara nyingi dalili huonekana siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, kwa hivyo kilebu anaweza kuuzwa akirukaruka akaanza kuugua akiwa kwako. Hasara imehamia kwako, bili ya daktari ni yako, machozi ni yako. Tena virusi hivyo hukaa kwenye mchanga na sakafu kwa miezi. Ndiyo maana wasee wengine hununua kilebu wa pili kufuta machozi ya wa kwanza, na huyo pia anakufa.

Lakini katika hii hadithi yote kuna mmoja ambaye sijawahi kumwona: mama. Niliona watoto wake, nikaona kadi feki, nikaona namba ya simu. Yeye yuko mahali, ndani ya kizimba, pengine tayari na mimba nyingine. Picha za TikTok na Instagram haziwezi kumwonyesha. Utaona kilebu amefungwa utepe kwenye zulia safi, na chini yake namba ya WhatsApp. Biashara ya kuzalisha mbwa kama mashine hutegemea jambo moja tu, kwamba wewe mnunuzi hutafika kule nyuma.

Uingereza waliligundua hilo kupitia mbwa mmoja. Aliitwa Lucy, wa aina ya Cavalier King Charles spaniel, na aliokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha vilebu huko Wales. Nyonga zake zilikuwa zimekazana kwa kufungiwa kizimbani na kuzalishwa mfululizo. Kampeni iliyoanza kwa jina lake ilizaa sheria iliyoanza kazi England mwezi Aprili 2020: madalali hawaruhusiwi tena kuuza vilebu au vitoto vya paka walio chini ya miezi sita. Lazima ununue kwa aliyewazalisha mwenyewe, na uwaone wakiwa na mama yao.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ya tangu miaka ya 1960. Inakataza kumtesa mnyama na kumnyima chakula au maji. Adhabu ya ukatili ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Maze, kilebu wangu wa katoni aliuzwa bei kuliko hiyo faini! Kwa mtu anayeuza watoto sita kila baada ya miezi michache, hiyo si adhabu, ni nauli.

Sijaandika hii kumchoma jamaa wa katoni. Huyo ni hasla kama sisi, anasimama juani siku nzima, na sidhani ndiye mwenye kizimba. Lakini kizimba kinaendeshwa na pesa yetu. Najua utaniambia, "Lakini nilimhurumia, angekufa pale juani." Hata mimi nilimhurumia. Shida ni kwamba huruma ya kulipa inaagiza mwingine. Ukiona wanyama wanateseka barabarani, piga ripoti kwa KSPCA au kwa polisi. Usitoe simu kutuma pesa.

Na kama kweli unataka mbwa, wako tayari. KSPCA, shirika ambalo limekuwa likiokoa wanyama tangu enzi za ukoloni, lina makao yake kule Karen, Nairobi, na mbwa wa kuchukuliwa hawakosi. Wengi ni wale tunaowaita koko. Wengine walikuwa na wenyewe, wenyewe wakahama au wakachoka. Mbwa hutoka pale amechanjwa na amefungwa uzazi, yaani hataongeza wengine wa kuzurura mtaani. Utalipa ada, na utaulizwa maswali kuhusu unapoishi. Usikasirike. Muuzaji asiyekuuliza chochote ndiye wa kuogopa.

"Lakini mimi nataka wa ulinzi." Mwizi akiruka ukuta saa nane usiku hasimami kuuliza ukoo wa mbwa. Koko aliyelishwa na kupendwa hubweka vizuri tu, na amezoea hali ya hewa ya hapa kuliko mbwa wa manyoya marefu aliyefungiwa kwenye roshani.

Pia tuambiane ukweli: si kila mtu anafaa kuwa na mbwa saa hii. Kama unaishi bedsita, landilodi hataki, na unatoka keja saa kumi na moja asubuhi kurudi saa tatu usiku, mbwa wako atakuwa mfungwa. Ngoja. Kungoja pia ni kumpenda mnyama.

Wiki jana rafiki yangu alinitumia picha ya kilebu mweupe pepe, akaniuliza kama bei ni poa. Sikubishana naye kuhusu bei. Nilimwambia amwombe muuzaji jambo moja: aende nyumbani kwake amwone kilebu akiwa na mamake. Kama haiwezekani leo, basi video, wakiwa pamoja.

Muuzaji alisoma ujumbe. Kisha akambloku.