Samaki Huyu Anaitwa Nani?

Mhakiki wa chakula ambaye hajui amekula samaki gani hajahakiki samaki. Amehakiki unga.

Nasema hivi kutoka Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani, ninakosomea shahada ya uzamili. Hapa kila Ijumaa jioni watu hujipanga foleni kwenye baa, kumbi za parokia na migahawa ya mtaani kula samaki wa kukaanga. Wakirudi nyumbani, baadhi yao huandika hakiki mtandaoni. Nimesoma hakiki hizo nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye tasnifu inayomsubiri, na nyingi zinafuata mtindo mmoja: unga ulikuwa mkavu na mwepesi, vipande vikubwa, bia baridi, nyota tano. Au: unga ulilowa mafuta, mhudumu alichelewa, nyota mbili. Utajua chipsi zilikatwaje. Utajua maegesho yalikuwa na nafasi kiasi gani. Jina la samaki utalitafuta mpaka uchoke. Ameandikwa "samaki" basi, kama mtu anavyoandika "chumvi".

Kwa asiyeijua desturi hii, nieleze kidogo, maana bila historia yake ubishi wangu hauna miguu. Wisconsin ilijazwa na wahamiaji Wakatoliki, Wajerumani na Wapolandi kwa wingi, na Mkatoliki wa zamani hakula nyama siku ya Ijumaa, mwaka mzima. Ziwa Michigan lilikuwa mlangoni, samaki walikuwa wengi na wa bei ndogo. Kisha ikaja marufuku ya pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, na wenye baa waliokatazwa kuuza bia wakawavuta wateja kwa sahani ya samaki. Mwaka 1966 maaskofu wa Marekani waliwalegezea waumini sharti la Ijumaa nje ya Kwaresima. Sharti likalegea, samaki wakabaki. Leo anakula Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu na asiye na dini. Ndiyo maana naipenda desturi hii: ilizaliwa na mfungo, ikakua kuwa karamu ya watu wa kawaida, na haimuulizi mtu kadi ya uanachama.

Sasa nami nihakiki. Mgahawa ninaouzungumzia uko mtaa wa pili kutoka ninapoishi. Siutaji jina kwa sababu ugomvi wangu si na mwenye mgahawa. Kwa dola 17 unaletewa vipande vitatu vya samaki, chapati mbili ndogo za viazi vilivyoparuzwa, kibakuli cha tufaha lililopondwa, kabichi iliyochanganywa na mayonizi, kipande cha mkate mzito wa nafaka ya rai, na limau. Rojo la unga limekorogwa kwa bia, na limeiva bila kunyonya mafuta. Nyama ni nyeupe, inaachana kwa matabaka ukiigusa na uma. Chapati za viazi ndizo malkia wa sahani: kingo zimekauka, katikati laini. Kabichi ina sukari kupita kiasi. Mhudumu, mama wa makamo, hujaza maji kabla hujaomba. Kwa kipimo cha hakiki nilizozitaja, hizo ni nyota tano, au nne na nusu kwa ajili ya kabichi.

Ukutani juu ya kaunta ametundikwa samaki wa mbao, wa rangi ya njano, ana milia myeusi ubavuni na mapezi ya chungwa. Huyo ni perchi wa njano, samaki wa Ziwa Michigan. Nikamuuliza yule mama: huyu niliyemla ndiye yule pale juu? Akacheka, akaenda jikoni, akarudi. "Hapana, mpenzi. Hawa ni kodi. Wanakuja kwenye boksi, wamegandishwa." (Kodi ni samaki wa bahari za baridi. Ile ya TRA ni nyingine.) Kodi wa bahari ipi? Hilo jikoni hawakulijua, na menyu haikusema.

Kutoka kwenye meza ile hadi ufukwe wa Ziwa Michigan ni mwendo wa basi moja.

Mwaka 1996 serikali ya Wisconsin ilifunga uvuvi wa biashara wa perchi wa njano katika maji yake ya Ziwa Michigan, ukiondoa ghuba ya Green Bay. Samaki walikuwa wamepungua mno. Sababu zilirundikana: nyavu, samaki wageni walioingia ziwani kwa njia ya mifereji, na kome wadogo wenye milia waliosafiri ndani ya maji ya meli kutoka ng'ambo, ambao huchuja majini chakula kile kile ambacho watoto wa perchi wanakitegemea. Leo anayetaka perchi mara nyingi analetewa wa Ziwa Erie, upande wa Canada, na analipa zaidi. Wengine wote wanakula kodi au samaki mwingine mweupe wa kwenye boksi.

Kinachoniuma ni kwamba sahani haikuonyesha dalili yoyote. Perchi alitoka, kodi akaingia, unga ukabaki ule ule, na foleni ya Ijumaa haikupungua. Kodi naye alikuwa na msiba wake. Julai 1992 Canada ilisimamisha uvuvi wa kodi wa Newfoundland baada ya karne kadhaa za kumvua, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Hilo ni anguko la jamii nzima za pwani. Kwenye chakula cha Ijumaa linaonekana wapi? Haliko kwenye menyu, wala haliko kwenye nyota. Ziwa linaweza kukauka samaki wake na bahari ikafungwa, na mlaji akaendelea kuandika kwamba vipande vilikuwa vikubwa.

Lugha yetu hairuhusu uvivu huu kirahisi. Nenda soko la Feri, Dar es Salaam, useme tu "nataka samaki". Muuzaji atakutazama kama mtu aliyepotea njia. Samaki gani? Changu, kolekole, nguru, jodari, kibua? Mnunuzi naye anafunua mashavu aone kama bado ni mekundu, anatazama jicho, anabonyeza nyama kwa kidole. Kichwa cha samaki ni kitambulisho chake. Ndiyo maana mtu wa pwani akiletewa samaki asiye na kichwa moyo wake husita, hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Lakini nisiwasifu watu wa kwetu kupita kiasi, maana mimi ni mtoto wa Mwanza, na Mwanza inajua vizuri maana ya samaki kukatwa kichwa. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala, na mamia ya aina za furu yakatoweka au yakabaki kwa kubahatisha. Vikaja viwanda vya minofu. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo yakaenda Mashariki ya Mbali, na mifupa yenye kichwa na mkia, tunayoiita mapanki, ikabaki kukaushwa na kukaangwa kwa ajili yetu. Ujerumani mnofu huo huuzwa kwa jina la Victoriabarsch, yaani perchi wa Victoria, ingawa sangara na perchi hawako hata katika familia moja. Mlaji wa huko anasifu nyama nyeupe isiyo na miba. Sangara kwake hana kichwa, hana jina lake, na hana Mwanza.

Kwa hiyo nikikaa kwenye mgahawa wa Milwaukee mbele ya mnofu mweupe usio na jina, siko mbali na nyumbani hata kidogo. Niko upande wa pili wa meza ile ile. Wisconsin ni watu wa ziwa kama sisi, na kwa kiasi fulani yamewapata yale yale: ziwa lilibadilishwa na wageni walioletwa au waliojileta, samaki wa wenyeji akapungua, na watu wakaendelea kula kitu kilichofanana naye. Tofauti ni kwamba wao wana fedha za kununua samaki wa bahari ya watu wengine kuziba pengo, hivyo hawakulazimika kuliona.

Najua nitakavyojibiwa. Rafiki mmoja wa darasani, mzaliwa wa hapa, ameshanijibu: "Hatuendi kwa ajili ya samaki. Tunaenda kwa ajili ya Ijumaa." Anasema kweli. Watu wanakwenda kukutana na majirani, kumtoa bibi nyumbani, kumaliza wiki. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Kama Ijumaa ndiyo thamani yenyewe, basi hakiki inayopima ukavu wa unga imepima kitu kisicho na thamani. Na kama Ijumaa ni kumbukumbu ya mahali, ya mfungo wa mababu na ziwa lililowalisha, basi ziwa ni sehemu ya kumbukumbu hiyo. Samaki wa mbao ukutani amewekwa pale kwa sababu hiyo. Huwezi kuadhimisha kwa kumtundika ukutani na papo hapo ukaona kero mtu akiuliza yuko wapi.

Jibu la pili ni gumu zaidi: kwamba maswali haya ni anasa ya wasomi, na mgahawa wa mtaani unaohangaika na kodi ya pango hauwezi kubebeshwa dhambi za Ziwa Michigan. Nakubali nusu. Mgahawa usibebeshwe. Mama yule asiaibishwe kwa kutojua kilichoandikwa kwenye boksi. Ila kuuliza si kususa. Nilimaliza vipande vyangu vyote vitatu. Mwenye mgahawa akiulizwa na wateja kumi kwa Ijumaa moja samaki wametoka wapi, atamuuliza anayemletea, na anayemletea atajua kwamba kuna anayetaka kujua. Mhakiki ana nguvu hiyo kwa sababu anasomwa na wengi. Kuitumia kulalamikia foleni ni ubadhirifu.

Nanyi wasomaji wa Dar, Nairobi na Kampala msicheke mkidhani haya ni ya Wamarekani. Fungueni hakiki za migahawa ya mijini kwetu. "Samaki fileti na chipsi, tamu sana, mandhari safi kwa picha." Fileti ya nani? Kenya yenye Ziwa Victoria imekuwa ikiingiza sato waliofugwa na kugandishwa China, na katika masoko ya mjini wanawekwa karibu na sato wa ziwani. Mtu anaweza kula sato huku analitazama ziwa lake, na sato huyo asiwe amewahi kuligusa. Pengine atampa nyota tano. Wavuvi wanaorudi na mitumbwi mitupu hawataonekana popote katika hakiki hiyo, na siku mtumbwi wa mwisho utakapovutwa mchangani, menyu haitabadilika hata mstari mmoja.

Wenzetu wa ughaibuni nao wana mtindo wao wa hakiki: "Hakina chumvi, hakina pilipili, hawa watu hawajui kupika." Huo nao ni unga tu, umegeuzwa upande. Kudharau chakula cha wafanyakazi wa Milwaukee kwa sababu hakina ndimu na pilipili ya mbuzi ni kukataa kuona kwamba tunaibiwa na mfumo mmoja.

Ninachodai ni kidogo. Anayeandika kuhusu samaki aandike mambo matatu kabla ya kugusa unga: jina la samaki, maji aliyotoka, na kama maji ya karibu bado yana samaki. Akishindwa kupata jibu, aandike kwamba aliuliza na jibu halikupatikana. Hilo peke yake ni habari.

Kwa hiyo hakiki yangu kamili ni hii. Mgahawa wa mtaa wa pili, Ijumaa jioni: kodi aliyegandishwa, bahari haikujulikana. Perchi wa Ziwa Michigan hawapo, uvuvi wao ulifungwa 1996. Chapati za viazi nzuri mno, kabichi tamu kupita kiasi, mhudumu mkarimu. Nendeni, mle, na kabla hamjalipa muulizeni kwa heshima: samaki huyu anaitwa nani?