Mikorosho 300 Si Mingi Hivyo

Anayedai kwamba mikorosho 300 inatosha kuchora ramani ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, Nachingwea na Ruangwa kahesabu miti, kasahau mahali. Jibu la "mti unao" au "mti hauna" hubeba habari kidogo, na upepo huhamisha unga ule mweupe mpaka mti wa jirani, kwa hiyo miti jirani hutoa jibu lilelile. Chukua vijiji 3, miti 100 kila kimoja, kiwango cha kufanana kijijini kikiwa 0.2. Kigawanyo ni 1 jumlisha 99 mara 0.2, yaani 20.8, kwa hiyo miti 300 inabaki na uzito wa miti 14 hivi! Itawanye katika vijiji 30, kumi kumi, inapata uzito wa miti 107. Mafuta ya pikipiki ya kufika vijiji vyote hivyo yataongezeka, najua. Na ugonjwa ukiwa haba, hata hiyo haitoshi.