Eti Julai wagema wamelala!

Jamani, nimerudi juzi kutoka nyumbani Mufindi, vidole bado vina ganzi. Leo kantini mwenzetu mmoja ananiuliza eti msimu huu wa baridi, ulanzi ukiwa umekatika, wagema wanafanya nini zaidi ya kulala! Yaani! Alfajiri nyasi nyeupe kwa barafu, mimi na baba tuko kwenye mianzi: tunakata iliyozeeka, tunafyeka njia ya kuzuia moto. Moto ukipita hapo, masika hakuna chipukizi la kugema asubuhi na jioni, mbeta zinabaki tupu, na ada yangu tutaitoa wapi? Zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, mnaziita kilimo. Mianzi yetu mnaiita ulevi. Ila masika bumu likitoka, nawaona kilabuni mkigombea lita.