Wakisema Wanapunguza Matumizi, Uliza Kisu Kinamkata Nani

Ndugu yangu, dada yangu, hebu tuongee kuhusu jambo ambalo kila chama cha siasa Kenya kinadai kulipenda: kupunguza matumizi ya serikali. Kenya Kwanza wanalipenda. Upinzani unalipenda. Hata mheshimiwa anayeshuka kwenye gari la vioo vyeusi, msafara mzima nyuma yake, analipenda pia. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kupanda jukwaani akaomba ubadhirifu uongezwe. Kwa hivyo ukisikia vyama vinazozana nani anataka kukata zaidi, usikae kama mtu anayetazama mechi. Uliza kinakatwa nini, na anayeumia ni nani.

Hii hadithi haikuanza na Gen Z. Septemba 2022, wiki chache tu baada ya kuapishwa, Rais Ruto alisimama mbele ya Bunge akasema ameiagiza Wizara ya Fedha ipunguze bajeti kwa Sh300 bilioni. Tukapiga makofi. Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kutuchuna zaidi ya Sh346 bilioni za ushuru mpya. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliuunga mkono, 106 wakaupinga, na nje vijana wenzetu wakawa wanapigwa risasi. Makumi walikufa katika wiki zile. Siku iliyofuata rais akakataa kuutia sahihi, na tarehe 5 Julai akaleta hesabu mpya: tukate Sh177 bilioni, tukope Sh169 bilioni.

Orodha aliyoisoma siku hiyo ilikuwa tamu, tusidanganyane. Mashirika 47 ya serikali yavunjwe. Washauri wapunguzwe nusu. Bajeti za siri ziondolewe. Ofisi za mke wa rais na mke wa naibu wake zisipewe pesa. Magari mapya yasinunuliwe kwa miezi 12. Ungefikiri kisu kimeelekezwa juu kabisa.

Sasa angalia kilichofanyika karatasi ilipofika bungeni kama bajeti ya ziada. Sehemu kubwa ya pesa zilizokatwa ilitoka kwenye maendeleo, si kwenye matumizi ya kawaida ya maofisi. Kwa nini? Si lazima iwe njama. Deni la taifa ni la kwanza kulipwa. Katiba inalitoza moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali, na huwezi kumwambia aliyekukopesha asubiri kwa sababu kuna maandamano. Mishahara nayo haishikiki kirahisi, maana ukiigusa unakutana na chama cha wafanyakazi na wakili. Kinachobaki ni kisima ambacho hakijachimbwa, barabara iliyoishia katikati na wodi isiyo na paa. Kisima hakina chama cha wafanyakazi. Watu watakaokosa maji hawako Nairobi siku kamati inapokaa, kwa hivyo wao ndio wanaokatwa.

Kaunti nazo zikaguswa. Zilikuwa zimetengewa Sh400.1 bilioni kwa mwaka wa 2024/25. Mswada ulipoanguka, Bunge la Kitaifa likataka zipewe Sh380 bilioni. Seneti ikakataa, ikashikilia 400.1. Walivutana miezi kadhaa, mwaka wa fedha ukiwa tayari unakimbia, hadi kamati ya upatanishi ikatua kwenye Sh387.4 bilioni. Sasa fikiria gavana anapanga dawa za hospitali bila kujua ana shilingi ngapi mpaka Disemba. (Najua, wapo magavana ambao hata ukiwapa zote utaona tu ukumbi mpya na ziara ya ng'ambo. Hilo tutalijadili siku nyingine, na litakuwa na majina.)

Lakini lililonifanya niandike leo ni siasa zenyewe. Upinzani kazi yake bungeni ni kuuliza. Mwisho wa Julai 2024, bajeti ikiwa bado inakatwa, rais akateua watu wa ODM kwenye baraza la mawaziri. Opiyo Wandayi, aliyekuwa kiongozi wa wachache katika Bunge la Kitaifa, akaenda Kawi. Hassan Joho wetu wa Pwani akapewa Madini na Uchumi wa Baharini. Na John Mbadi, mwenyekiti wa ODM wakati huo, akakabidhiwa Wizara ya Fedha yenyewe. Wakaiita serikali jumuishi. Mwaka uliofuata kamati ya bajeti ikatoka kwa Ndindi Nyoro, ikaingia kwa Samuel Atandi, wa ODM pia.

Chama kuingia serikalini ni haki yake, na pengine kuna eneo litapata barabara kwa sababu hiyo. Ninachouliza ni kidogo tu: kama aliyekuwa anauliza ndiye sasa anayejibu, nani amebaki na swali?

Jibu tuliliona 2025. Makadirio ya bajeti ya 2025/26 yalipofika bungeni, pesa za mitihani ya kitaifa hazikuwemo. Sifuri. Kelele zilitoka kwa walimu, wazazi na wanafunzi wenyewe, na ndipo kamati ikapata Sh5.9 bilioni. Mwezi uliofuata, Waziri Mbadi akaiambia kamati ya elimu kwamba serikali haiwezi tena kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari Sh22,244 kwa mwaka, itaweza Sh16,900. Tofauti ni zaidi ya elfu tano kwa kila mtoto. Wakubwa wengine serikalini wakajitokeza kusema elimu ingali bure, tusiwe na wasiwasi. Mwalimu mkuu anayedaiwa na muuza mahindi na maharagwe anajua ni nani kati yao alisema kweli.

Kuna mambo mawili ya sheria ambayo ukiyajua, mdahalo wa vyama hautakuchanganya tena. Moja: Bunge haliwezi kuongeza pesa mahali bila kupunguza mahali pengine kwa kiasi hicho hicho. Kwa hivyo chama kikipiga kelele "rudisheni pesa za basari", na hakisemi zitoke wapi, hicho kinatafuta kura tu. La pili ni Kifungu cha 223 cha Katiba. Kinairuhusu serikali kutumia pesa ambazo Bunge halikupitisha, hadi asilimia kumi ya zilizoidhinishwa mwaka huo, kisha ije kuomba idhini ndani ya miezi miwili. Kiliwekwa kwa dharura, na dharura zipo. Lakini ndicho kinachofanya bajeti ionekane imekonda mbele ya kamera mwezi Juni, halafu inenepe polepole kwa bajeti za ziada wakati wewe umeshasahau. Ukisikia "tumekata", subiri mwaka wa fedha uishe ndipo uhesabu.

Na kuna ukataji ambao hakuna chama kinautangaza kabisa. Wengi wenu mnaosoma hapa mnatoka Mandera, Wajir, Garissa, Isiolo, Lamu, Tana River, Kwale, Kilifi. Kaunti hizo zote zilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotambuliwa kuwa zimeachwa nyuma, kwa ajili ya Hazina ya Usawazishaji. Kifungu cha 204 kinasema nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya kitaifa iingie humo kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme, mpaka maeneo hayo yakaribiane na mengine. Si hisani ya mtu. Ni Katiba.

Sasa soma maandishi madogo. Hiyo nusu asilimia haihesabiwi kwa mapato ya leo. Inahesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Kitaifa. Bunge likichelewa kupitisha hesabu, fungu letu linapimwa kwa mapato ya zamani. Ongeza kesi mahakamani na kanuni zilizobishaniwa kwa miaka, na hata pesa zilizotengwa kwenye karatasi zikawa hazifiki zote. Sera ya pili ikatawanya walengwa hadi maeneo madogo madogo katika kaunti 34. Na hazina hii ina mwisho: miaka 20 tangu Katiba ianze kazi, yaani Agosti 2030, isipokuwa Bunge lipitishe sheria ya kuiongezea muda. Shilingi isiyofika Wajir haihesabiwi kuwa imekatwa. Inaitwa haijatolewa. Kwa mama anayenunua maji ya bauza, nieleze tofauti.

Sijasikia chama chochote, cha serikali wala cha upinzani, kikisimamisha mjadala wa bajeti kwa sababu ya hazina hii. Wabunge wetu tunawaona wakigombania kamati na kusafiri na vigogo. Kwa hili wako kimya.

Basi kazi ni yako na yangu. Makadirio ya bajeti lazima yafike bungeni miezi miwili kabla mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na Katiba inailazimu kamati ipokee maoni ya wananchi. Maoni ya maandishi yanapokelewa, na huhitaji kuwa mwanauchumi. Kaeni watu watano, fungueni makadirio, tafuteni mstari wa Hazina ya Usawazishaji, halafu andikeni kurasa mbili: imetengewa ngapi, inadaiwa ngapi za miaka iliyopita, na ni mradi gani katika kata yenu uliosimama. Mtaje na mahali pa kutoa hizo pesa, kwa sababu mtaulizwa. Safari za ng'ambo ni mahali pazuri pa kuanzia. Nakala mpelekee mbunge, seneta, na mwakilishi wa wanawake wa kaunti yako, na muombe jibu kwa maandishi. Akikujibu, litume hapa tulisome pamoja. Asipokujibu, tutumie ile barua yako pamoja na tarehe uliyoipeleka, nayo tutaiweka.