"Zinaingia, boss": rimu za inchi 17 kwenye gari la 1990

Leo naomba tuweke PHP kando kidogo, kwa maana kuna jambo linanikera na nisipolisema sitalala.

Rafiki yangu ana Eunos Roadster ya mwaka 1990, ile ambayo nje ya Japani hujulikana kama Mazda MX-5. Gari dogo la watu wawili, halifiki tani moja, injini ya lita 1.6 iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mwezi uliopita aliingia duka moja hapa Nairobi akatoka na rimu za inchi 17 na matairi ya 205/40. Bei siitaji. Alipouliza kama zinafaa, muuzaji alimjibu maneno mawili tu: "Zinaingia, boss."

Zinaingia! Hata mimi naingia katika shati la mdogo wangu, mradi nisipumue.

Hebu tusome namba. Gari hili lilitoka kiwandani na 185/60R14. Hiyo 185 ni upana wa tairi kwa milimita. 60 si milimita, ni asilimia: kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 60 ya upana, yaani milimita 111. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. (Aliyechanganya milimita, asilimia na inchi ndani ya uga mmoja angekuwa mwanafunzi wangu wa hifadhidata, ningemrudishia kazi yake.) Sasa chukua inchi za rimu, zidisha kwa 25.4, ongeza kuta mbili, nawe umepata kipenyo cha gurudumu zima kwa milimita:

185/60R14: 355.6 + 222 = 577.6
205/40R17: 431.8 + 164 = 595.8
195/50R15: 381 + 195 = 576

Mstari wa pili ndio aliouziwa rafiki yangu. Gurudumu limekua kwa zaidi ya asilimia 3, na spidomita haina habari. Inahesabu mizunguko, na kila mzunguko sasa unavuka barabara ndefu zaidi, kwa hiyo gari linakwenda kasi kuliko linavyodhani. Gia nazo zimekuwa ndefu kwa kiasi hicho hicho, na injini ya lita 1.6 haina nguvu za kugawa sadaka. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: mtu anabadilisha namba moja juu ya faili bila kuuliza ni sehemu ngapi zinaisoma.

Halafu tazama ukuta. Kutoka milimita 111 hadi 82! Huo ukuta ndio mto wa hewa kati ya rimu na mashimo yetu. Umeondoa karibu sentimita tatu za mto, kisha unashangaa usukani unapokutetemesha meno.

Na hilo "zinaingia" lina maana gani hasa? Maana yake ni kwamba matundu manne ya nati yamelingana: 4x100. Basi. Hajapima tundu la katikati, ambalo kwenye habu ya gari hili ni milimita 54.1. Hajauliza ofseti, ambayo kiwandani ni +45. Weka rimu ya +20 na umelisukuma gurudumu nje milimita 25. Beringi zinabeba mzigo kwa namna ambayo hazikupangiwa, na ukikata kona tairi linakwaruza madigadi. La rafiki yangu linakwaruza. Amewasha redio.

Najua mtaniambia MX-5 ya kisasa inatoka kiwandani na inchi 17. Ni kweli, kizazi kilichoanza 2015 kina matoleo ya 205/45R17. Lakini pale Mazda walichora gari zima upya, pamoja na nafasi ya gurudumu, springi na usukani. Hawakubandika rimu juu ya gari la 1990.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: matairi mazuri ya spoti ya inchi 14 yamekuwa adimu. Hapo nakubali. Basi nenda inchi 15! Tazama tena mstari wa tatu hapo juu: tofauti na ya kiwandani ni milimita 1.6, chini ya unene wa shilingi. Na si mimi niliyeibuni. Mazda wenyewe waliitumia 195/50R15 kwenye kizazi cha pili, mwaka 1998. Ila chagua rimu nyepesi, kwa sababu kila kilo pale chini springi hazisaidii kuibeba.

Rimu moja ya rafiki yangu imeshapinda. Analaumu shimo. Shimo lile lipo tangu zamani, na amelipita kila siku na inchi 14 bila neno.

Rimu zake za zamani bado ziko gereji kwake, chini ya turubai. Nimemsihi asiziuze. Matairi yaliyo juu yake yana alama 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014, kwa hiyo hayo yanatupwa hata kama kashata zake bado nzima. Jumamosi nakwenda kwake na jeki, na yeye ameahidi 185/60R14 nne mpya.