Neno la Mhariri: Ala Zinasingiziwa

Makala tatu kati ya zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinauliza swali lilelile: je, Golden Hour ya Kacey Musgraves ni kantri kweli? Tumechapa mbili kwa sababu zimeandikwa vizuri. Swali lenyewe limenichosha, na ni haki msomaji ajue msimamo wangu kabla hajafungua kurasa za ndani.

Wanaoikataa albamu hii wanashika hoja moja, nayo ni ya ala. Ilipotoka Machi 2018 ilikuja na mdundo wa disko katika "High Horse" na mashine ya kugeuza sauti katika "Oh, What a World". Basi, wanasema, binti huyu wa Texas amehamia pop. Naomba wausikilize tena mwanzo wa huo wimbo wa pili. Inatangulia sauti ya mashine, nzito na ya mbali. Kisha inaingia banjo, nyuzi zinadonolewa moja moja, na tangu hapo mashine ndiye mgeni na banjo ndiye mwenye nyumba. Daniel Tashian na Ian Fitchuk, walioitayarisha albamu pamoja na Musgraves mwenyewe, walijua wanachofanya. Mtu asiyeijali kantri angeitia banjo mwishoni kama pambo.

Na hiyo banjo asili yake ni Afrika Magharibi. Ilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Gitaa la kutelezesha chuma juu ya nyuzi, ambalo wengi wanaliona ndiyo roho ya kantri, chimbuko lake ni Hawaii. Anayetaka kuupima muziki huu kwa asili ya ala zake hatabaki na kitu mkononi.

Sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kuwa wa mwisho kuishika hoja hiyo. Kantri iliyotulea kwenye redio za Kenya ni ya Jim Reeves, na hadi leo ukimtaja mbele ya wasikilizaji wa rika langu utaambiwa hiyo ndiyo kantri halisi, si hizi za siku hizi. Lakini zama zake Reeves ndiye aliyekuwa wa "siku hizi". Rock and roll ilipowachukua vijana katika miaka ya 1950, Chet Atkins wa kampuni ya RCA na Owen Bradley wa Decca waliamua pale Nashville kupunguza fidla za kijijini na lile gitaa la chuma, wakaweka okestra na waitikiaji ili rekodi zinunuliwe na watu wa mjini. "He'll Have to Go", iliyotoka mwishoni mwa 1959, ni kazi ya Atkins: piano laini, waitikiaji wa taratibu, na sauti nzito ya Reeves iliyosogezwa karibu kabisa na maikrofoni. Mwaka uliofuata ilipanda hadi nafasi ya pili kwenye chati ya pop ya Marekani. Wapenzi wa fidla walilalamika kwamba kantri imeuzwa. Malalamiko hayo tumeyasahau, zikabaki nyimbo. Golden Hour imetoka katika ukoo huohuo.

Kama tatizo lingekuwa ala, redio za kantri za Marekani zingemfungia mlango mwimbaji Sam Hunt. Mwaka 2017 wimbo wake "Body Like a Back Road", wenye ngoma za mashine na uimbaji wa nusu kuongea, ulikaa wiki 34 kileleni mwa chati ya nyimbo za kantri ya Billboard, na redio hizohizo ziliupiga asubuhi na jioni. Golden Hour ilitwaa tuzo ya albamu bora ya mwaka ya Chama cha Muziki wa Kantri mnamo Novemba 2018, na Februari 2019 ikachukua Grammy nne, ikiwemo ile kubwa kuliko zote ya albamu ya mwaka. Hata hivyo hakuna wimbo wake hata mmoja ulioingia kumi bora ya redio za kantri.

Sababu ilikwisha kusemwa hadharani. Mwaka 2015 Keith Hill, mshauri wa redio za kantri, aliwaambia watangazaji wapunguze nyimbo za wanawake na wasizipige mfululizo. Akafananisha kipindi na saladi: wanaume ndio majani, wanawake ni nyanya. Alitoa ushauri wa kazi, na ushauri huo ulikuwa ukifuatwa hata kabla hajaufungulia kinywa. Mtafiti Jada Watson wa Kanada amepitia chati za mwisho wa mwaka za redio hizo: mwaka 2000 nyimbo za wanawake zilikuwa thuluthi moja, na kufikia 2018 zilikuwa zimeshuka hadi asilimia 11 hivi. Huo ndio mlango uliofungwa. Kumjadili Musgraves bila kuutaja ni kuwasaidia walioufunga, na makala zetu zote mbili, kwa masikitiko yangu, hazikuutaja.

Mwaka 2021 mambo yakawa mabaya zaidi. Waandaaji wa Grammy waliiondoa albamu ya Musgraves iliyofuata, star-crossed, katika kundi la kantri, kisha wakauteua wimbo mmoja kutoka humohumo, "Camera Roll", kuwania tuzo mbili za kantri. Sijasoma mahali popote utetezi wa uamuzi huo unaosimama kwa miguu yake.

Kwingineko katika toleo hili mtasoma juu ya maonyesho ya Don Williams mjini Harare mwaka 1997, pamoja na mazungumzo marefu kuhusu Sir Elvis na waimbaji wengine wa kantri wa Kenya.

Ombi langu ni kwa watangazaji wetu wa vipindi vya kantri. Reeves, Williams na Kenny Rogers wapigwe, nami nitasikiliza. Ila Nashville haina mamlaka juu ya studio za Nairobi, na hakuna mshauri aliyewakataza kuupiga "Space Cowboy" wa Musgraves baada ya wimbo wa Dolly Parton, wanawake wawili mfululizo. Anayetaka kunipinga aandike. Nafasi ya barua ipo toleo lijalo. Nitatanguliza barua za waliosikiliza nyimbo zote 13 za Golden Hour, kuanzia "Slow Burn" hadi "Rainbow".