Tusiuziwe magari yaliyozama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wananchi wenzangu wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani.

Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kilifurisha mito ya nchi hiyo, ukiwemo Chikuma huko Nagano, na magari yakazama. Gari la namna hiyo huoshwa likang'aa, lakini maji yaliyoingia huendelea kula nyaya na viungio vyake ndani kwa ndani. Hata breki zaweza kuathirika.

Mimi niliuziwa moja kwa akiba ya miaka sita. Haukupita muda taa zikawa zinawaka na kuzimika zenyewe. Fundi alipoinua zulia alikuta tope kavu, na vyuma vya chini ya viti vimejaa kutu. Aliyeniuzia alijibu kwamba gari likishatoka bandarini si lake tena.

Ndugu zangu, kabla ya kulipa, daini karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani, kwani humo huandikwa hali ya gari. Likiwa mbele yenu, vuteni mkanda wa kiti mpaka mwisho mtafute madoa ya maji. Zulia jipya katika gari kuukuu liwatie shaka.

Nazo mamlaka zinazohusika ziwalazimishe wauzaji kumpa mnunuzi karatasi hiyo pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili. Mfanyakazi wa mshahara mdogo hawezi kununua gari mara mbili.

Msomaji wako,
Morogoro.